Kibanda cha Picha kwa Programu Huria: Anza na Kamera, Programu Ifuate

Kila msimu wa harusi unapokaribia, wapiga picha huniuliza swali lilelile: nisakinishe programu gani ya bure ili laptopu yangu iwe kibanda cha picha? Swali hilo lina jibu, na nitalitoa. Lakini kwanza naomba tukubaliane jambo moja litakalokuokolea fedha na heshima. Kinachoangusha kibanda ukumbini mara chache huwa ni programu yenyewe. Huangushwa na kamera ambayo kompyuta haiioni, ruhusa ambayo hakuna aliyeitoa, printa iliyojaribiwa kwa karatasi ya kawaida badala ya karatasi ya picha, au sasisho lililojianzisha wakati maharusi wanaingia.

Kwa hiyo ushauri wangu wote unafuata mpangilio mmoja: kamera kwanza, kisha programu, kisha skrini na simu za wageni, na printa mwisho. Usiende hatua ya pili kabla ya kuiona ya kwanza ikifanya kazi. Mpangilio huu ni uleule kwenye Linux, Windows na macOS. Amri na vitufe tu ndivyo vinavyotofautiana, na nitavitaja mfumo mmoja baada ya mwingine.

Kwa nini programu huria

Mwaka 1925, Anatol Josepho alifungua studio yake ya Photomaton kwenye barabara ya Broadway, New York. Kwa senti 25 za Marekani mtu alikaa mbele ya mashine, na baada ya dakika 8 hivi akapata ukanda wenye picha 8. Karne moja baadaye mteja bado anataka mambo yaleyale: ajipige mwenyewe, acheke na wenzake bila kusimamiwa, kisha aondoke na picha yake. Programu ya kibanda ipo kwa ajili hiyo. Huhesabu sekunde, huiamuru kamera, hupanga picha ndani ya fremu yenye majina ya maharusi, halafu huzituma kwenye printa au kwenye simu.

Programu nyingi za kibiashara hufanya kazi hiyo vizuri, lakini hutoza ada ya kila mwezi au kila mwaka kwa dola, hata katika miezi ambayo huna shughuli. Programu huria unaipakua bure, unaitumia kwenye kompyuta nyingi upendavyo, na ikishasakinishwa haihitaji intaneti ukumbini. Picha za wageni hubaki kwenye diski yako. Wengi huogopa kwamba programu ya bure hairuhusiwi kwenye kazi ya kulipwa. Ondoa hofu hiyo: leseni za MIT na GPL, ambazo programu za kibanda nitakazozitaja zinazitumia, hazikukatazi kumtoza mteja kwa huduma yako.

Unachokosa ni mtu wa kumpigia simu saa mbili usiku mambo yakikwama. Ndiyo maana ni lazima uujue mtambo wako mwenyewe, na ndiyo maana nasisitiza mpangilio.

Chagua kwa kuangalia kazi

Ukitaka kitu chepesi cha sherehe ya nyumbani au siku ya wazazi shuleni, na una Linux, Cheese inakutosha. Ni programu ya mazingira ya GNOME iliyoanza mwaka 2007. Ina hesabu ya sekunde kabla ya kupiga, ina upigaji wa picha kadhaa mfululizo, na ina madoido ya kuchekesha ambayo watoto huyapenda sana. Picha huziweka kwenye folda ya Webcam ndani ya Pictures. Haitengenezi fremu wala haichapishi yenyewe, lakini inasakinishwa kwa amri moja.

Kwa kazi ya kulipwa, pendekezo langu ni photobooth-app. Imeandikwa kwa Python na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS. Hutumika kupitia kivinjari, hivyo skrini ya mgeni huwa ni ukurasa wa kivinjari uliojaa skrini nzima, nawe unapanga kila kitu kwenye ukurasa wa msimamizi. Inapiga picha moja moja, inaunganisha picha kadhaa kwenye karatasi moja, na inaonyesha msimbo wa QR ili mgeni achukue picha yake kwa simu.

Ipo pia pibooth, iliyotengenezwa hasa kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Hiyo ni nzuri kwa anayejenga kibanda cha kudumu chenye sanduku la mbao, vitufe vikubwa na taa. Kama unachomiliki leo ni laptopu au kompyuta ya mezani, anza na photobooth-app. Sehemu zinazofuata nitazijenga juu yake.

Kamera: nani ameishika?

Kamera iliyounganishwa kwa USB mara nyingi ni kiti cha mtu mmoja. Programu moja ikikikalia, nyingine zote zitasimama. Ukielewa hilo, umeelewa zaidi ya nusu ya matatizo ya kibanda cha picha, kwa sababu kila mfumo una programu zake zinazopenda kuikalia kamera mapema bila kukuambia. Utakapoona skrini nyeusi au ujumbe kwamba kifaa kinatumika, usikimbilie kusakinisha upya. Jiulize kwanza: nani ameishika?

Una njia tatu za kuipata picha. Ya kwanza ni kamera ya kompyuta, iliyojengwa ndani au ya kuchomeka kwa USB. Ni rahisi kuliko zote. Ya pili ni kamera ya DSLR au ya aina ya mirrorless inayoamriwa na kompyuta kupitia waya wa USB. Ubora wake ni wa juu kabisa, na usumbufu wake pia. Ya tatu ni kuichukua picha ya kamera hiyo kwa waya wa HDMI na kuipitisha kwenye kifaa kidogo cha kunasa video. Kompyuta itaiona kama kamera ya kawaida tu.

Kabla ya kuamua, fanya hesabu ya nukta. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji picha ya nukta 1181 kwa 1772. Video ya 1920 kwa 1080, ukiikata ilingane na umbo la karatasi, inabaki 1620 kwa 1080, yaani kama nukta 274 kwa inchi. Mgeni hataona tofauti. Kamera ya 1280 kwa 720 hushuka hadi nukta 183 hivi, na hapo sura ya mtu kwenye picha kubwa huanza kulainika. Lakini ukipanga picha nne kwenye karatasi moja, kila picha ni ndogo, na hata hiyo ya 720 inatosha. Kwa hiyo usinunue kamera ya mamilioni kabla ya kujua mteja anataka picha moja kubwa au nne ndogo. Fedha iliyobaki weka kwenye taa. Kamera ya kawaida yenye mwanga mzuri hutoa picha safi kuliko kamera ghali iliyo gizani.

Kama utatumia DSLR, iandae hivi. Zima hali ya kujizima yenyewe baada ya dakika chache. Zima Wi-Fi ya kamera, kwa sababu kwenye kamera nyingi za Canon ikiwa imewashwa mawasiliano ya USB hayafanyi kazi. Kwenye Sony chagua hali ya "PC Remote". Tafuta betri ya bandia inayochomekwa kwenye umeme, maana kuonyesha picha moja kwa moja kwenye skrini humaliza betri ya kawaida haraka. Waya wa USB usiwe mrefu kupita kiasi, na uufunge kwa utepe kwenye stendi ili mtoto akiugusa usichomoke.

Kwenye Linux

Nikiulizwa mfumo upi unafaa zaidi, hujibu Linux bila kusita, hasa kwa anayetumia DSLR. Sababu ni gphoto2, programu huria inayojua kuwasiliana na kamera zaidi ya 2,500 za aina mbalimbali. Kwenye Ubuntu, Mint au Debian, fungua terminali na uandike:

sudo apt install pipx ffmpeg gphoto2 v4l-utils

Sasa jaribu kamera kabla ya kitu kingine chochote. Kama ni ya kompyuta, andika v4l2-ctl --list-devices nawe utaona majina kama /dev/video0. Usishangae kamera moja ikionyesha namba mbili. Mara nyingi ya pili si ya picha, hivyo tumia ya kwanza. Kama ni DSLR, andika:

gphoto2 --auto-detect
gphoto2 --capture-image-and-download

Amri ya kwanza ikitaja kamera yako na ya pili ikaleta picha kwenye folda, umemaliza sehemu ngumu. Ikikuambia haiwezi kuichukua kamera, na mwisho wa ujumbe ukaona namba -53, basi mazingira ya GNOME yamewahi. Yakiona kamera huifungua kama flashi ili uangalie picha. Iachishe huduma hiyo ya GNOME kwa pkill -f gphoto2, kisha jaribu tena. Ili isirudi baada ya kuwasha kompyuta upya, andika:

systemctl --user mask gvfs-gphoto2-volume-monitor.service

Kama kamera inaonekana lakini mtumiaji wako anakataliwa, mwingize kwenye kundi la video kwa sudo usermod -aG video $USER, kisha toka na uingie upya.

Ndipo usakinishe kibanda chenyewe:

pipx install photobooth-app

Wengine huuliza kwa nini wasitumie pip moja kwa moja kama walivyozoea. Tangu Debian 12 na Ubuntu 23.04, zote za mwaka 2023, mfumo unaizuia pip isichanganye vifurushi vyake na vya mfumo wenyewe. Utaona ujumbe kwamba mazingira yanasimamiwa na mfumo. Mtandaoni utakuta watu wanaokushauri kulivunja katazo hilo kwa nguvu. Usifanye hivyo. pipx huipa kila programu chumba chake, na ukiifuta huondoka yote bila kuacha uharibifu.

Tengeneza folda ya shughuli, kwa mfano harusi, ingia ndani yake kwenye terminali, kisha uandike photobooth. Folda utakayoanzishia ndiyo itakayohifadhi picha na mipangilio. Faida yake ni kubwa: kila mteja anaweza kuwa na folda yake, na picha za harusi moja haziwezi kuchanganyika na za nyingine. Fungua kivinjari kwenye http://localhost:8000 na kibanda kiko hai. Ikiwa terminali inalalamika kwamba kuna kifurushi kinachokosekana, soma jina lake kwa utulivu na ulilinganishe na maelekezo ya toleo ulilosakinisha. Karibu kila mara kulisakinisha kwa apt humaliza jambo.

Kwenye Windows

Windows ndiyo iliyoko kwenye kompyuta nyingi za wapiga picha wetu, na inafaa kabisa kama utatumia kamera ya kompyuta au kifaa cha kunasa HDMI. Anza na ruhusa. Fungua "Settings", nenda sehemu ya faragha, chagua "Camera", na uhakikishe vitufe vyote vimewashwa, pamoja na kile cha chini kinachozihusu programu za mezani. Hiki cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Kisha fungua programu ya Camera ya Windows. Ukijiona, ifunge kabisa, na ufunge pia Zoom, Teams na kila programu ya mikutano.

Pakua Python kutoka python.org. Kwenye dirisha la kwanza la usakinishaji kuna kisanduku kinachohusu PATH. Kiwekee alama kabla ya kuendelea, la sivyo Windows haitaijua amri ya python unapoiita. Usikimbilie toleo jipya kuliko yote. Angalia matoleo yanayotajwa na photobooth-app, kwa sababu vifurushi vingine huchelewa kutolewa kwa Python mpya, na utabaki na makosa marefu yasiyoeleweka. Kisha fungua PowerShell na uandike amri hizi kwa mpangilio:

py -m pip install --user pipx
py -m pipx ensurepath
winget install Gyan.FFmpeg

Funga dirisha, fungua jipya, ndipo uandike pipx install photobooth-app. Kufunga na kufungua dirisha si mapambo. Bila hivyo mabadiliko ya PATH hayaonekani. Tengeneza folda ya shughuli, ingia ndani yake, andika photobooth, na ufungue kivinjari kwenye anwani ileile ya localhost:8000. Mara ya kwanza ukuta wa moto wa Windows utakuuliza kama programu iruhusiwe kwenye mtandao. Ruhusu mitandao binafsi, kwa sababu simu za wageni zitaihitaji njia hiyo.

Kwa DSLR, gphoto2 haina makazi ya kawaida kwenye Windows. Badala yake kuna digiCamControl, programu huria inayoamuru kamera nyingi za Canon na Nikon na baadhi ya nyinginezo. Isakinishe, piga picha kwa kutumia kitufe chake, kisha nenda kwenye mipangilio yake na uwashe seva ya wavuti, ambayo husikiliza kwenye namba 5513. photobooth-app huongea nayo kwa njia hiyo. Angalia orodha ya kamera zinazokubalika kabla ya kuahidi mteja chochote.

Windows ikikuonya kwamba programu uliyopakua haijulikani, usibonyeze kuruhusu kwa mazoea. Hakikisha umeipakua kwenye ukurasa wa mradi wenyewe, na kama mradi umechapisha alama ya uhakiki ya SHA-256, ilinganishe kwa amri ya Get-FileHash. Programu huria nyingi hazina saini ya kulipiwa, hivyo onyo hilo peke yake si ushahidi wa virusi. Lakini faili iliyotoka kwenye tovuti ya kupakulia vitu vya watu wengine usiifungue.

Jambo la mwisho: msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kama una laptopu ya zamani isiyokubali Windows 11, usiitupe. Isakinishie Linux, uitenge kwa kazi ya kibanda pekee, nayo itakutumikia miaka mingine.

Kwenye macOS

Mac ina skrini nzuri na kamera ya ndani inayotosha kwa picha nne ndogo. Apple pia ina programu yake iitwayo Photo Booth tangu mwaka 2005, lakini hiyo si huria na haikupi fremu za mteja wala msimbo wa QR. Ili kupata vifaa vya programu huria, sakinisha kwanza Homebrew, kisha kwenye Terminal uandike:

brew install pipx ffmpeg gphoto2
pipx ensurepath
pipx install photobooth-app

Hapa suala la ruhusa lina mtego wake. Kwa kuwa unaanzisha programu kupitia Terminal, macOS huichukulia Terminal kuwa ndiyo inayoomba kamera. Ujumbe ukijitokeza, kubali. Kama ulishakataa siku za nyuma, hutaulizwa tena. Utaona weusi tu. Nenda "System Settings", kisha "Privacy & Security", kisha "Camera", washa kitufe cha Terminal, ifunge na uianzishe upya.

Kama una iPhone inayotumia akaunti ileile, tangu macOS Ventura ya mwaka 2022 Mac inaweza kuitumia kama kamera. Ni jambo zuri ukilikusudia, lakini usipolikusudia namba za kamera huweza kubadilika simu ikisogea karibu, na kibanda kikaanza kuonyesha giza la mfukoni mwako. Zima uwezo huo kwenye simu kabla ya shughuli.

Kwa DSLR, aliyeishika kamera ni huduma ya ndani ya mfumo. Kwenye matoleo ya zamani huitwa PTPCamera, kwenye mapya ptpcamerad. Unaweza kuiachisha kwa pkill, lakini hujirudisha yenyewe. Kwa sababu hiyo, mwenye Mac namshauri apitishe DSLR yake kwenye kifaa cha kunasa HDMI. Ubora wa 1920 kwa 1080 tumeshaona kwamba unatosha, na usiku wako utakuwa mtulivu.

Skrini na simu za wageni

Mgeni asione terminali, saa ya kompyuta wala ujumbe wa barua pepe. Kwenye Linux, firefox --kiosk ikifuatiwa na anwani ya kibanda hujaza skrini nzima. Kwenye Windows, Edge ina hali hiyohiyo kwa --kiosk, na unatoka kwa Alt na F4. Kwenye Mac, tanua dirisha lijaze skrini. Nenosiri la ukurasa wa msimamizi libadilishe siku ileile unaposakinisha. Vijana wa ukumbini ni wadadisi.

Zuia kompyuta isilale. Windows ina sehemu ya umeme kwenye mipangilio, na hapohapo "Windows Update" ina kitufe cha kusitisha masasisho kwa wiki kadhaa. Kwenye Mac andika caffeinate -d kwenye dirisha la pili la Terminal. Kwenye GNOME, weka muda wa skrini kuzimika uwe "Never". Na iwe sheria kwako: wiki ya shughuli hakuna kusasisha kitu chochote, si programu, si mfumo, si Python. Kilichofanya kazi Jumatatu kiache kama kilivyo hadi Jumapili.

Ili wageni wachukue picha kwa QR bila intaneti, njoo na ruta yako ndogo, hata isiyo na laini. Kompyuta na simu zikiwa kwenye Wi-Fi moja, picha husafiri ndani ya ukumbi bila kula bando la mtu. Hakikisha QR inabeba namba ya IP ya kompyuta na si neno localhost, kwa maana localhost kwenye simu ya mgeni ni simu yake mwenyewe. Namba hiyo utaipata kwa hostname -I kwenye Linux, ipconfig kwenye Windows, na ipconfig getifaddr en0 kwenye Mac. Simu nyingi zikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti hurudi zenyewe kwenye data, hivyo bandika maelezo mafupi karibu na kibanda: unganisha Wi-Fi, kataa kurudi kwenye data, ndipo uelekeze kamera kwenye QR.

Printa mwisho

Chagua printa ya picha inayotumia utepe wa rangi na joto badala ya wino wa maji. Picha hutoka kavu, mgeni anaishika papo hapo. Canon SELPHY ndogo huchapa karatasi moja kwa muda usiofika dakika moja, na furushi lake la KP-108IN lina karatasi 108 na kaseti 3 za rangi, kila moja ikitosha karatasi 36. Yaani baada ya kila karatasi 36 lazima mtu abadilishe kaseti. Mpange mtu huyo mapema.

Linux na macOS huchapisha kwa CUPS, mfumo huria unaoweza kuutazama kwenye kivinjari kwa anwani localhost:631. Kwenye mifumo yote mitatu, chapisha kwanza picha ya kawaida nje ya kibanda, kwa karatasi halisi, ukichagua ukubwa halisi na kuchapa bila ukingo mweupe. Kingo zikikatwa, sogeza majina ya maharusi ndani ya fremu. Ikishakubali ndipo uiunganishe na kibanda. Halafu weka kikomo cha nakala, maana kikundi cha watu kumi kila mmoja atataka yake. Ukikadiria dakika 2 kwa kila kikundi, utahudumia vikundi 30 kwa saa. Mweleze mteja hesabu hiyo kabla ya kukubaliana bei, ili asitarajie wageni 400 wapite kwa saa mbili.

Sura za watu ni amana

Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata pasingekuwa na sheria, adabu ingetosha. Bandika tangazo linaloeleza picha zinahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Usiweke picha ya mgeni kwenye ukurasa wako wa biashara bila idhini yake, na ya mtoto bila idhini ya mzazi. Albamu inayoonekana kwa kila aliye kwenye Wi-Fi ifunge kama familia haitaki. Baada ya kumkabidhi mteja picha zote, kubalianeni siku ya kuzifuta kwenye kompyuta yako, na uzifute kweli.

Mazoezi kabla ya siku

Siku chache kabla ya shughuli, panga kibanda kizima nyumbani: stendi, taa, kamera, ruta, printa. Chomoa intaneti. Zima kompyuta kabisa, iwashe, na uhesabu hatua unazohitaji hadi mgeni wa kwanza aweze kupiga picha. Ziandike kwenye karatasi na umpe msaidizi wako azifuate bila wewe kusema neno. Akikwama, karatasi ndiyo yenye kasoro, irekebishe. Kisha ite majirani na watoto wao wakichoshe kibanda kwa saa nzima. Chomoa waya wa kamera makusudi uone unarudije. Zima umeme ukutani uone nini kinabaki hai: laptopu ina betri, lakini ruta na printa hazina, hivyo beba kifaa cha kuhifadhi umeme kama bajeti inaruhusu. Na kila baada ya muda nakili picha kwenye flashi, ili hitilafu ya diski isiondoke na kumbukumbu za familia ya watu.

Ukishafaulu, rudisha ulichopewa. Programu hizi zimeandikwa na watu waliojitolea muda wao, na wengi wao hawana kamera yako wala mazingira yako. Waandikie kamera ipi imekubali, kwenye mfumo upi na toleo lipi. Wakiwa na sehemu ya tafsiri, wasaidie maneno ya skrini yawe Kiswahili kizuri, ili bibi harusi na bibi yake wote wawili wasome "Tabasamu" na wajue la kufanya. Mchango huo hautakugharimu shilingi, na mpiga picha atakayesakinisha baada yako, Tanga au Kisumu, ataanza pale ulipoishia wewe.